Maji Niliyoyapandisha Msikitini

Tumbo langu lilipoanza kuvimba, mtu wa kwanza kuniuliza kama nakunywa pombe alikuwa mwanamke anayeuza maandazi kwenye kona yetu. Aliuliza kwa mzaha, huku akinifungia maandazi ya mtoto. Mtu wa mwisho kuniuliza alikuwa mke wangu, na yeye hakuwa na mzaha hata kidogo. Kati ya hao wawili uliuliza mtaa mzima, wengine kwa mdomo na wengine kwa macho. Naandika haya kwa kuwa najua wako watu hapa Bujumbura wenye tumbo kama lile, wanaona haya kwenda kupimwa, na wanakaa nyumbani wakisubiri lishuke lenyewe. Halitashuka. Mimi sasa nakula, natembea, nafanya kazi nusu siku. Hasira ndiyo haijapona, na sioni dalili.

Jina langu Yusufu. Ni fundi wa mapampu ya maji. Kibanda changu cha kazi kilikuwa chini ya barabara kubwa, upande wa ziwani, na nyumba yangu hatua chache nyuma yake. Mke wangu Zuwena ni binti wa Mzee Salim, mwenye duka la mabomba na misumari pale mtaa wa Asiatique. Babu yake Mzee Salim alitoka Omani, na jambo hilo utalijua ndani ya dakika tano za kwanza ukikaa naye. Mimi sikuwa na duka wala babu wa kutajwa. Alinipa binti yake kwa sababu moja tu: nilikuwa kijana wa msikitini ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona mahali pabaya. Jina langu ndilo lililokuwa mahari yangu halisi, na sote wawili tulilijua hilo bila kuambiana.

Ziwa lilikuja kwetu polepole. Mvua zilinyesha zikapitiliza miezi yake, maji yakapanda, na kiangazi kilipofika hayakurudi yalikotoka. Mwaka uliofuata yalianzia pale yalipoishia. Wazee waliozaliwa mtaa ule walisimama barabarani wakitazama mawimbi yanapiga kwenye vizingiti vya milango, wakasema hawajaona kitu hiki tangu utoto. Redioni walisema dunia inapata joto na mvua zimebadilika. Sibishani nao. Mimi nilichokuwa nacho ni mistari ya tope kwenye ukuta wangu: mwaka wa kwanza kwenye kifundo cha mguu, mwaka wa pili kwenye goti.

Na hapo hapo, maji yakiwa yametuzunguka, bomba likakauka. Wiki nzima robine inatoa upepo tu. Msikiti wetu mdogo una tangi la saruji nyuma, ambalo watu wanatawadhia, na watoto wa madrasa ndiyo wanalitumia kuliko wote. Tangi likawa tupu. Watu wakaanza kuja na vichupa vyao, wengine wakaacha kuja. Sheikh akauliza baada ya swala kama kuna mtu mwenye shauri.

Mimi ndiye niliyeinua mkono.

Nyuma ya msikiti palikuwa na uwanja uliofunikwa na maji ya ziwa tangu mvua zilizopita. Maji yalikuwa yametulia, meupe, unaona majani chini. Nilienda nikayachota kwa kiganja, nikayanusa, nikayaonja. Tulifundishwa tangu watoto: maji mengi ambayo rangi, harufu na ladha yake havikubadilika ni twahara. Nilipima kama nilivyofundishwa na yakapita. Mzee Salim akatoa mpira mrefu dukani kwake, akatafuta na petroli wakati ambao petroli ilikuwa haipatikani, mimi nikatoa pampu yangu. Siku ile tangi lilipojaa, watu walinishika mkono mmoja mmoja. Mkwe wangu alisimama kando yangu amevimba kifua, akimwambia kila anayepita, "Njo mukwe wangu huyu."

Nililijaza tangi lile misimu miwili ya mvua. Hata bomba liliporudi, lilitoa maji siku mbili kwa wiki, kwa hiyo tukaendelea. Kila mwezi nilikunja suruali nikaingia ndani kulisugua kwa brashi. Kutani walikuwa wamejishika konokono wadogo, bapa, wa kahawia, kama vifungo vya koti. Hawakuwako zamani. Nimezaliwa kando ya ziwa, najua konokono wa mawe ya ufukweni, lakini hawa sikuwahi kuwaona ndani ya mtaa. Niliwakwangua, nikawatupa uani, mwezi uliofuata wakawa wengi zaidi. Binti yetu Nasra, ambaye alikuwa na miaka tisa, aliokota magamba yao pamoja na wenzake wa madrasa wakayapanga kwenye ukuta. Sote tuliona ni mambo ya watoto.

Ugonjwa ulianza kwa uchovu. Nilikuwa nainua pampu ya kilo thelathini peke yangu, mara nikawa naitazama tu. Kisha damu chooni, kidogo, nikasema ni bawasiri. Kisha miguu ikakonda na tumbo likatangulia mbele. Mvua za Februari zilikuta shati langu halifungi. Nilimwambia Zuwena ni gesi. Akanitengenezea tangawizi kila asubuhi, mwezi mzima, maskini.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia kwenye mvua nzito. Siku ya kumi hivi, tumekaa kwenye mkeka uani msikitini tunafuturu, nikala tende mbili, nikahisi kitu cha moto kinapanda. Nikatapika damu nyingi mbele ya safu nzima ya wanaume. Wengine walikimbia kunishika. Lakini nilisikia pia, kwa sababu masikio hayakuwa na ugonjwa, mtu nyuma yangu akisema, "Njo vile pombe inafanyaka. Maini yake imeoza." Na mwingine akajibu, "Mu Ramazani, mutu haone hata haya."

Mzee Salim ndiye aliyenipeleka hospitalini kwa gari lake. Tulikaa kwenye benchi la mapokezi tangu jioni ile hadi usiku wa manane, mimi nikiwa na taulo mdomoni. Daktari alikuwa kijana, amechoka, macho mekundu. Alinibonyeza tumbo upande wa kulia, upande wa kushoto, akaandika, kisha akauliza bila kuinua kichwa.

"Papa, unakunywaka?"

"Apana."

"Hata bière moja moja?"

"Apana, dokteri. Mi ni Mwislamu."

"Hata urwarwa? Kule ku marafiki?"

Urwarwa ni pombe ya ndizi. Nilimgeukia mkwe wangu nikitegemea atacheka, au atakasirika kwa niaba yangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Daktari akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyezoea kudanganywa, akasema, "Wote wanasemaka vile, Papa. Maini njo inasema kweli." Alikuwa anafanya kazi yake. Bado nikimkumbuka nataka kumzaba kofi.

Walinilaza. Wakanitoa maji tumboni kwa sindano na mpira, yakajaa ndoo ya rangi ya manjano, nikaona aibu kana kwamba nimeyaiba mahali. Wakanipitisha mpira wenye taa kooni wakafunga mishipa iliyokuwa inavuja damu. Ukiambiwa utafanyiwa hivyo, usiogope sana. Pumua kwa pua, mshike mtu mkono, ni dakika chache. Mimi sikuwa na mkono wa kushika, nikashika chuma cha kitanda.

Kitanda cha pili alilala Mzee Deo, dereva mstaafu, mlevi wa kweli na asiyeficha. Wodi nzima ilituweka kundi moja. Wageni walipoingia walimtazama yeye, wakanitazama mimi, wakatikisa vichwa mara moja kwa wote wawili. Siku ya tatu aliniita.

"We Mwarabu," akasema, ingawa mimi si Mwarabu, "we haukunywaka."

"Umejuaje?"

"Mi nimekunywa miaka makumi ine. Mutu mwenye kunywa, siku ya tatu mikono inatetemeka, anaona wadudu ku ukuta. We unalala tu kama mutoto. Basi wanakuonea."

Nililia. Sheikh hakunisafisha, mkwe wangu hakunisafisha, amekuja kunisafisha mlevi. Alikuwa akinimenyea chungwa kila jioni na kunipa nusu kubwa. Alifariki kabla kiangazi hakijaisha, na mimi nilikuwa sijamletea chochote.

Nilirudi nyumbani Idi ikiwa imeshapita. Zuwena alinipikia uji, akaninyooshea mto mgongoni, akafanya kila kitu ambacho mke mwema anafanya, ila hakunitazama usoni. Siku ya nne aliingia na Msahafu umefunikwa kwa kitambaa, akauweka juu ya kitanda.

"Baba Nasra, weka mukono hapa. Useme haukunywe hata siku moja. Utasema tu, na mi nitanyamaza."

Ilikuwa rahisi. Mkono ulikuwa wangu na ukweli ulikuwa wangu. Lakini mkono niliuacha mapajani, nikamwambia, "Miaka kumi na moja unalala pembeni yangu, unanusa mudomo wangu kila siku. Kama hiyo haikutoshe, hata Msahafu hautakutosha."

"Baba anasema—"

"Uende kwa Baba basi."

Akaenda. Alimchukua Nasra, na kwa kuwa nyumba ya Asiatique ilikuwa na wageni, wakakaa kwa kaka yake, mtaa wa Gihosha, kule mlimani ambako maji hayafiki. Nilibaki na ukuta wenye mistari yangu ya tope. Ninakuambia hili wewe unayeugua: kiburi cha mgonjwa ni kibaya kuliko kiburi cha mzima, maana mzima anaweza kutoka akatembea hasira ikaisha. Mimi nililala nayo mpaka Julai.

Mwezi huo wa Julai nilirudi hospitalini kufungwa mishipa mara ya pili. Daktari yule alikuwa likizo. Aliyenipokea ni muuguzi mtu mzima, Mama Konsolata, mzaliwa wa huko chini ziwani, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma faili langu lote, ukurasa baada ya ukurasa, na watu kwenye benchi wakaanza kunung'unika. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Maji iliingia kwenu?"

"Iliingia."

"Unakanyangaka mule bila bottes, bila viatu vya mpira?"

"Kila siku. Mi ni fundi wa pampu."

"Na tukonokono tuko? Tudogo, twa bapa?"

Nikamwambia tuko. Nikamwambia tumejaa kwenye tangi. Akaweka kalamu chini. "Tangi gani?" akauliza.

Nilipima choo siku ile ile na siku mbili zaidi mfululizo, kwa sababu alisema siku moja haitoshi, nawe usikubali siku moja. Majibu yakaja: kichocho cha tumbo, kile kinachoharibu maini, na kimekaa mwilini muda mrefu. Alisema huenda nilikuwa nacho kidogo tangu nilipokuwa naogelea utotoni, halafu miaka hii ya mafuriko ikanijaza. Hawa konokono wanakibeba, maji yanawabeba wao, na sasa vyote viwili viko mahali ambapo mtu anaamini yuko nyumbani. Aliandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa nilizomwomba, kwamba ugonjwa wangu hautokani na pombe. Kisha akanishika mkono wa shati.

"Yusufu, unisikilize muzuri. Wale wote wanaoshaka ku ile tangi wapimwe. Sana sana batoto. Uwaambie leo, si kesho."

"Nitawaambia," nikasema.

Nilinywa vidonge pale pale. Ni vikubwa na ni vichungu kama shubiri, vinakupa kichefuchefu na tumbo linasokota jioni nzima. Vumilia.

Sikwenda msikitini. Nilienda Asiatique, na karatasi mkononi, nikaingia dukani mbele ya wateja. Mzee Salim alivaa miwani, akasoma mara mbili. Akatoka nyuma ya meza akanikumbatia, akalia begani kwangu. Akatuma watu wamlete Zuwena kutoka Gihosha. Alipofika, yeye pia akaisoma karatasi, akakaa kwenye gunia la misumari, akafunika uso kwa mtandio. "Unisamehe, Baba Nasra," akasema. Nikasema nimesamehe, na saa ile nilisema kweli. Ijumaa iliyofuata mkwe wangu alisimama msikitini akatangaza kwamba mkwe wake ana ugonjwa wa maji tu, na kwamba waliomsengenya wamtake radhi. Watu walinishika mkono mmoja mmoja, kama siku ile ya tangi.

Na mimi nikanyamaza.

Siwezi kulipamba hili. Karatasi ilisema kichocho. Hakuna aliyeuliza nilikipata wapi, kila mtu aliwaza ziwa. Jina langu lilikuwa limerudi siku mbili tu, na nilijua nikifungua mdomo litaondoka tena, safari hii kwa haki. Nilijiambia nitasema wiki ijayo, nikipata nguvu. Niliifunga pampu, nikasema imeharibika. Lakini tangi lilikuwa bado limejaa, na watoto walitawadha humo wiki mbili zaidi huku mimi nikiwatazama kutoka safu ya nyuma. Kwa ule ugonjwa nilionewa. Kwa wiki hizi mbili sikuonewa na mtu.

Kilichonivunja ni Nasra. Alitoka chooni asubuhi moja, akaja kwangu badala ya kwenda kwa mama yake, kwa kuwa alishajua kwamba mimi ndiye mtaalamu wa mambo hayo nyumbani. Akanong'ona, "Baba, na mi nimetoa damu." Alisema kwa aibu na kwa fahari kidogo, kama mtoto aliyefanana na baba yake.

Nilimpeleka kwa Mama Konsolata siku hiyo hiyo. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Uliwaambia?" na mimi nikatazama ukuta. Ijumaa ile nilisimama baada ya swala, nikasema yote: maji niliyachota wapi, konokono, muuguzi aliniambia nini, na siku ngapi nilinyamaza. Zuwena alisikia kutoka upande wa wanawake. Hakuna aliyepiga kelele. Mtu mmoja tu aliuliza kama swala zao za misimu miwili zimeswihi, na sheikh akamwambia akae chini.

Tangi lilimwagwa na kusuguliwa kwa chokaa. Wauguzi walikuja madrasani na kipimo cha urefu, cha kujua kila mtoto apewe vidonge vingapi, na makopo ya vidonge. Katika kila watoto wawili, mmoja alikuwa nacho au alikuwa na dalili zake. Naomba usome hapa taratibu. Ukiambiwa ugonjwa wako umetoka kwenye maji fulani, yataje siku hiyo hiyo, hata kama ni wewe uliyeyaleta, hata kama watu wameanza kukupenda tena. Na ukiwa na tumbo kama langu na mtu akakuita mlevi, mwache aseme, wewe nenda ukapimwe. Nasra amepona. Mimi nimefungwa mishipa mara ya tatu mvua za Septemba zilipoanza, nitafungwa tena. Kibanda nimekihamishia Cibitoke, mbali na ziwa, na juzi kwenye mfereji wa mbele, baada ya mvua kubwa, nimewaona tena, wale wale wadogo, bapa. Nimewaonyesha majirani. Wamenitazama kama kichaa.

Siku ya vidonge, watu wazima walipewa mwisho. Nilikuwa nagawa maji ya chupa, kazi niliyoiomba mwenyewe. Mzee Salim alifika mbele yangu na vidonge vinne kiganjani. Alikuwa hajasema nami tangu Ijumaa ile. Mpira ulikuwa wake na petroli ilikuwa yake, na nadhani ndiyo sababu hakuweza kunitazama, lakini hilo hajalisema na hatalisema.

"Yusufu," akasema polepole, "afazali ungelikuwa mulevi. Mulevi anajiua ye peke yake."

Akatia vidonge mdomoni, uchungu ukamkunja uso, akanyoosha mkono. Nikampa chupa. Aliishika na uchungu wote ule ukiwa ulimini, akaigeuza kwenye mwanga, akakikagua kifuniko pande zote kuona kama hakijawahi kufunguliwa, ndipo akanywa.